Kipokezi cha homoni ni nini katika saratani ya matiti?

Mwanamke wa Masasi au Nachingwea aliyekatwa kipande kidogo cha nyama (kinyama) kutoka uvimbe wa titi kwa uchunguzi hurudishiwa karatasi ambayo, katikati ya maneno mengi ya kitabibu, ina herufi ER na PR, na mbele ya kila moja neno chanya au hasi. Neno chanya huwashtua wengi, kwa kuwa masikio yetu yamelizoea katika majibu ya Virusi vya UKIMWI. Hapa halihusiani na maambukizi yoyote, na mara nyingi ni habari ya nafuu: lina maana kwamba seli za uvimbe huo zina vipokezi vya homoni, yaani ER cha estrojeni na PR cha projesteroni, ambazo ni homoni za kike.

Kipokezi ni protini iliyomo ndani ya seli. Homoni husafiri katika damu na kupita kila mahali mwilini, lakini hufanya kazi pale tu inapokutana na kipokezi chake. Estrojeni ikiingia katika seli ya titi hushikamana nacho, kisha viwili hivyo hujishikiza kwenye DNA na kuamsha jeni zinazoiamuru seli ijigawe. Ndivyo titi la msichana linavyokua anapobalehe. Hatari huja pale seli zilizokwisha kuharibika zinapoitumia njia hiyo hiyo kuongezeka, na duniani kwa jumla takriban wagonjwa 7 kati ya 10 wa saratani ya matiti wana uvimbe wa namna hii.

Uhusiano huu ulionekana kabla ya kueleweka. Mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow alieleza jinsi saratani ya matiti ilivyonywea baada ya mgonjwa kuondolewa ovari, yaani viungo vinavyotengeneza estrojeni, wakati ambapo hata neno homoni lilikuwa halijatungwa. Kipokezi chenyewe kilikuja kutambuliwa zaidi ya nusu karne baadaye na Elwood Jensen wa Chicago, aliyeitia estrojeni alama ya mionzi ili aone inakwenda kukaa wapi.

Dawa ya tamoksifeni hutumia maarifa hayo. Ichukulie kama ufunguo unaoingia katika kufuli la ghala la korosho lakini haulifungui, na maadamu umo humo, ufunguo halisi hauna pa kuingia. Kidonge hicho humezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi, na kukiacha mapema kwa sababu mtu anajiona amepona huongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Kwa uvimbe usio na vipokezi dawa hii haisaidii, ndiyo maana kuianza bila kipimo ni kubahatisha maisha ya mtu.

Kipimo chenyewe hutegemea kinyama kilivyotunzwa. Kinapaswa kutumbukizwa katika formalini, kimiminika cha kukihifadhi kisioze, ndani ya saa 1 baada ya kukatwa na kikae humo kati ya saa 6 na 72, kisha hukatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi inayoonyesha vipokezi, na mtaalamu huhesabu kwa darubini viini vya seli vilivyogeuka kahawia. Vikifika asilimia 1, jibu ni chanya. Kinyama kilichocheleweshwa kabla ya kuwekwa katika formalini huweza kupoteza vipokezi vyake na kutoa jibu hasi la uongo. Kwa hiyo ndugu anayekabidhiwa kichupa akipeleke maabara ya mbali aulize saa kinyama kilipotiwa katika formalini, nayo iandikwe kwenye fomu kabla hajapanda basi.