Feni za kompyuta ya gemu: mtaani Tabora wanasema hivi, ukweli ni huu

Kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza za Novemba, Tabora ni mahali pagumu kwa kompyuta ya gemu. Bati linachemka kutwa nzima, vumbi jekundu linapenya hata dirisha likiwa limefungwa, na hewa yenyewe ni nyepesi kwa sababu mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo miezi ambayo vijana wa Ng'ambo na Isevya wanaanza kuulizana habari za feni. Ushauri haukosekani: kwa fundi, kwa muuza duka, kwa shemeji anayejua kila kitu. Mwingi una chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana haufi.

"Ongeza feni, joto litakwisha"

Hapa hesabu inasaidia kuliko mabishano. Chukua kompyuta inayokula wati 400 katikati ya gemu, jambo la kawaida kwa mashine yenye kadi ya picha ya maana. Karibu umeme wote huo unageuka joto, na joto hilo halina pa kwenda isipokuwa litoke na hewa. Ikiwa futi za ujazo 50 za hewa zinapita ndani ya kasha la kompyuta kila dakika, hewa itatoka ikiwa imepanda kama digrii 17 kuliko ilivyoingia. Zikifika 100, itapanda digrii 8 na ushee. Zikifika 150, digrii 5 na nusu. Hatua ya kwanza imekupunguzia digrii 8. Ya pili haijafikisha hata 3, ila feni na kelele vimeongezeka vilevile.

Hizo ni hesabu za mchana wa joto Tabora. Dar, kwa futi hizohizo 50, ungepata digrii 14 au 15, kwa kuwa kule hewa ni nzito na inabeba joto zaidi. Anayekwambia mwinuko wetu unasaidia kupoza anachanganya mambo. Baridi ya usiku wa Julai inasaidia. Wepesi wa hewa unadhuru, ingawa kidogo.

Kwa kasha la kawaida, feni mbili au tatu za mbele zinazoingiza na moja ya nyuma inayotoa zinawatosha watu wengi. Ya sita na ya saba ni mapambo. Sina ugomvi na mapambo, mradi tusiyaite ubaridi. Na hata ukijaza feni kumi, hakuna itakayoshusha kitu chini ya joto la chumba. Chumba kikiwa na digrii 34 saa nane mchana, hapo ndipo hesabu yako inapoanzia, na pengine kufungua madirisha mawili yanayotazamana kutakufaa kuliko feni mpya.

"Feni yenye kelele ndiyo yenye nguvu"

Imani hii imetoka kwenye pangaboi za zamani na mashine za ofisi, na inawapotezea watu pesa. Feni ina tabia tatu zinazojulikana. Ukiongeza spidi, hewa inaongezeka kwa kiwango hichohicho. Msukumo unaongezeka kwa kipeo cha pili, umeme inaokula kwa kipeo cha tatu. Kelele nayo inapanda haraka kuliko hewa. Ukishusha feni kutoka mizunguko 1,500 kwa dakika hadi 1,000, unapoteza theluthi moja ya hewa lakini unapunguza karibu desibeli 9. Sikio la binadamu huona kupungua kwa desibeli 10 kama kelele imebaki nusu.

Sasa weka feni mbili za namna hiyo badala ya moja. Feni mbili zinazofanana zinaongeza desibeli 3 tu juu ya ile moja. Kwa hiyo mbili zinazozunguka 1,000 zinaweza kupitisha hewa nyingi kuliko moja ya 1,500, na bado zikawa kimya zaidi kwa kama desibeli 6. Hapo ndipo kuongeza feni kuna maana: unaongeza ili kila moja iende taratibu.

Kwa sababu hiyohiyo, feni kubwa si adui. Watu wanaogopa ya milimita 140 wakidhani itanguruma, kumbe eneo lake linazidi la 120 kwa zaidi ya theluthi, kwa hiyo inapitisha hewa ileile ikizunguka polepole. Kasha lako likiwa na matundu ya 140, chukua 140.

"Angalia namba za kwenye boksi, umemaliza"

Namba za hewa, zile zinazoandikwa CFM (futi za ujazo kwa dakika), hupimwa feni ikiwa haina kizuizi chochote mbele wala nyuma. Ndani ya kompyuta hakuna mahali pa namna hiyo. Kuna wavu, kuna chujio, kuna mapezi ya kipozeo, yaani bati nyembamba zinazotawanya joto, yaliyobanana. Feni inayong'ara kwenye CFM inaweza kukwama ikikutana na mapezi hayo, na hapo namba inayosema kweli zaidi ni ya msukumo, inayoandikwa kwa milimita za maji. Ya kubandika kwenye kipozeo cha prosesa (ubongo wa kompyuta) au kwenye rejeta ya kupoza kwa maji, angalia msukumo. Ya kutoa hewa nyuma ya kasha, CFM inatosha.

Desibeli za boksi ziamini nusunusu. Kila kampuni hupima kwa utaratibu wake, kwa umbali wake, na feni isiyo na jina inayodai desibeli 18 haina aliyeikagua. Kampuni zenye jina angalau zinajieleza. Noctua ya Austria ilipotoa NF-A12x25 mwaka 2018, iliacha nafasi ya nusu milimita tu kati ya ncha za mapanga na fremu, ili hewa isirudi nyuma kupitia pembeni. Ni feni nzuri sana. Ila kwa bei yake unapata feni za Arctic P12 mbili, pengine tatu, na kwa hesabu ya hapo juu mimi ningechukua hizo tatu na kuziendesha taratibu.

Kitu ambacho boksi mara nyingi hukipitia juujuu ni beringi, sehemu ambayo mapanga yanazungukia. Feni za bei ya chini hutumia beringi ya bushi, ambayo haipendi kulazwa. Ukiifunga juu ya kasha ikitazama dari, mafuta yake huisha mapema na inaanza kukwaruza. Beringi za mafuta, zile zinazoitwa FDB, zinavumilia zaidi na ni tulivu. Beringi za gololi zinadumu, hasa kwenye joto, lakini zina mlio mdogo utakaousikia usiku bodaboda zikishalala. Dukani omba feni iwashwe, isogeze sikioni, kisha ilaze na uisimamishe. Ikibadilisha mlio kwa kulazwa, irudishe.

"Ikichemka, fungua ubavu wa kasha uwashie feni ya mezani"

Hili ndilo linalobishaniwa kuliko yote, na wanaolifanya wana haki nusu. Ukifungua ubavu, kadi ya picha mara nyingi inapoa kweli. Lakini kupoa huko kunakueleza kitu: kasha lako halipumui. Makasha mengi yanayovutia vijana yana kioo kitupu mbele, na feni tatu nyuma ya kioo hicho zinavuta hewa kupitia upenyo wa pembeni usiozidi upana wa kidole. Ni kama kumfunga mtu khanga puani kisha umwambie akimbie. Feni zinaongeza spidi, zinapiga mluzi, hewa haiji.

Kwa hiyo ubavu ufungue kama kipimo, si kama dawa. Cheza gemu nusu saa ukiwa umefungwa, andika joto. Fungua, cheza tena nusu saa, andika. Tofauti ikiwa digrii mbili tatu, kasha ni zima, usihangaike. Ikiwa digrii 8 au 10, hakuna feni duniani itakayokuponya kabla hujashughulikia ile mbele: badili kasha uchukue la wavu, au toa kile kioo uweke wavu na chujio.

Ukiuacha wazi miezi yote ya kiangazi, vumbi la Tabora litajenga nyumba ndani. Unalikuta limeganda kati ya mapezi kama kitambaa cha rangi ya matofali, na hapo joto linarudi juu kuliko ulipoanza.

Kasha likishafungwa, hakikisha feni zinatazama unakotaka. Hewa hutokea upande wenye mikono iliyoshika mota. Upande wa wazi ndio unaovuta. Zimo mashine ambazo feni za mbele na ya nyuma zote zinatoa, na mwenyewe analaumu prosesa. Shika kipande cha karatasi laini ya chooni mbele ya kasha: kikinata kwenye wavu, hewa inaingia, kikipepea kuja kwako, umefunga kinyume. Pendelea hewa inayoingia iizidi kidogo inayotoka, ili ziada itoke kwenye nyufa. Ikiwa kinyume, nyufa hizohizo zinakuwa milango ya vumbi lisilopita kwenye chujio. Asiye na chujio anaweza kutandaza soksi nyembamba ya nailoni juu ya wavu wa mbele. Inapunguza hewa kidogo, inazuia vumbi vizuri, na inafulika.

"Feni zikipanda na kushuka ni kawaida, ndivyo kompyuta ilivyo"

Ni kawaida kwa sababu hakuna aliyezipanga. Mvumo wa kudumu sikio huuzoea haraka. Kinachochosha ni feni inayopaa kila unapofungua programu kisha inashuka, halafu inapaa tena. Joto la prosesa linaweza kuruka digrii 15 ndani ya sekunde moja na kurudi, na feni iliyounganishwa nalo moja kwa moja inaruka nalo. Ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kompyuta ikianza kuwaka, tafuta sehemu ya feni, ongeza muda wa kuchelewa uwe sekunde kadhaa. Feni za kasha zifuate joto la kadi ya picha, maana kwenye gemu ndiyo inayotoa joto kubwa. Kwenye Windows programu ya bure ya FanControl inafanya hivyo. Karibu kila feni pia ina spidi moja inayoifanya ivume na kasha zima. Itafute kwa sikio, kisha panga feni iiruke.

Yote haya yanataka feni yenye plagi ya pini nne, au ya pini tatu iliyochaguliwa hivyo kwenye BIOS. Ukichomeka ya pini tatu mahali palipowekwa kwa pini nne, itazunguka spidi ya mwisho muda wote. Na zile seti za feni za taa za rangi zinazokuja na rimoti, nyingi huchukua umeme moja kwa moja kwenye pawasaplai. Mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, haina amri nazo. Taa utabadilisha upendavyo, kelele itabaki ileile.

"Mashine ya ofisi ya mtumba, badilisha feni tu"

Tahadhari. Baadhi ya Dell OptiPlex zina plagi ya feni ya pini tano ya kwao wenyewe, na zipo HP zenye mpangilio wa peke yake pia. Feni ya dukani haitaingia, au itaingia na mashine ilalamike kila ikiwaka. Piga picha ya plagi kabla hujaagiza Kariakoo, kwa maana kurudisha mzigo kwa basi kuna gharama yake.

"Digrii 80! Itaungua!"

Haiungui. Prosesa nyingi za AMD Ryzen 7000 zimetengenezwa kuvumilia hadi digrii 95, na nyingi za Intel Core za kizazi cha 12 hadi cha 14 zinafika 100 kabla ya kujipunguza kasi zenyewe. Anayezungusha feni zote spidi ya mwisho ili prosesa ikae 60 anajisumbua masikio bure. Iache ifike 80 kwenye gemu, ulale na amani.

"Kupoza kwa maji ndiko kimya"

Maji yanabeba joto hadi kwenye rejeta, na rejeta ina feni. Juu ya hizo unaongeza pampu yenye mlio wake, usiozimika hata kompyuta ikiwa haifanyi kitu. Kipozeo kizuri cha hewa kinatosha gemu nyingi.

"Peleka kwa fundi wa pancha apulize vumbi"

Upepo wa kompresa ya matairi mara nyingi hutoka na maji na mafuta kidogo, na una nguvu ya kuzungusha feni kupita spidi iliyoundiwa, mpaka beringi iumie. Tumia brashi laini ya rangi na bloa ya mkono, nje, ukiwa umezima na kuchomoa umeme. Zuia mapanga kwa kidole yasizunguke, anza na kadi ya picha, puliza mapezi kutoka upande wa ndani kuelekea upande uliovuta hewa. Machujio yafue kwa maji na sabuni, yakauke kabisa kabla hujayarudisha. Kiangazi, kila wiki mbili. Masika, hata mwezi mmoja na nusu si mbaya.