Hepesi haipiti kwenye kikombe: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Nyumba moja niliyoizoea, kikombe cha bati cha binti mmoja kilifungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake. Alikuwa amepimwa akaonekana ana hepesi, yale malengelenge ya sehemu za siri, na mama yake mdogo akaamua asichanganye vyombo na wenzake. Ndoo yake ya kuogea ikahamishiwa uani. Hakuna aliyemfokea, lakini binti akaanza kula akiwa amegeukia ukutani.

Vyombo havina kosa. Virusi vya hepesi vikitoka mwilini havidumu. Vinachotaka ni ngozi iguse ngozi, hasa ile laini ya mdomoni, ya sehemu za siri na ya njia ya haja kubwa. Choo cha kukalia, ndoo, shuka na maji ya kuogelea havimpi mtu hepesi. Anayepaswa kujitengea kijiko na mafuta ya midomo ni mwenye kidonda kibichi mdomoni, tena mpaka kipone tu. Binti yule mdomoni hakuwa na hata kipele.

Hicho kidonda cha mdomoni nacho tumekitungia maelezo. Tunasema homa imemtokea mtu mdomoni, au buibui alimpitia usiku. Kwa kawaida ni hepesi aina ya kwanza, ambayo wengi waliipata utotoni kwa busu na mate ya watu wazima wao. Virusi hujificha kwenye mishipa ya fahamu, kisha homa, jua kali au uchovu huviamsha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu bilioni 3.8 wa chini ya miaka 50 walikuwa na aina hii, yaani 64 katika kila 100. Kwa hiyo hata wale waliokiogopa kikombe cha binti, huenda wengi wao wanaishi na ndugu wa kirusi hicho hicho. Na aina hii ya mdomoni hushuka sehemu za siri kwa njia ya ngono ya mdomo.

Dhana inayoambukiza watu wengi kuliko zote ni hii: hakuna kidonda, hakuna hatari. Virusi hutoka kwenye ngozi hata siku ambazo haina alama yoyote, na mara nyingi anayeambukiza hajui kama anao. Wengi wenye aina ya pili, ile ya sehemu za siri, hawaoni dalili, au huona kijipele wakadhani ni fangasi, wembe au mdudu. Kondomu hupunguza hatari, ila haifuniki ngozi yote. Tohara nayo inasaidia kidogo: utafiti wa Rakai, Uganda, uliotolewa mwaka 2009, ulionyesha wanaume waliotahiriwa walipata aina ya pili kwa asilimia 28 pungufu. Aliyetahiriwa bado anaweza kuipata, na bado anaweza kumwambukiza mwingine.

Hapo ndipo ndoa huingia matatani. Mke anatoka kupimwa, karatasi ameikunja mara nne kiganjani, na mume aliyekaa kwenye benchi la nje anamuuliza swali moja tu: "Umeitoa wapi?" Vidonda vya kwanza vinaweza kutokea siku 2 hadi 12 baada ya kuambukizwa, lakini pia vinaweza kukaa miezi, hata miaka, visionekane. Kipimo cha damu huonyesha kuwa mwili umekutana na kirusi. Hakisemi lini wala kwa nani. Huenda mke ameishi nacho tangu kabla ya posa. Huenda ni mume ndiye alikuja nacho, naye hajawahi kuwashwa hata siku moja. Inaniuma ninaposikia mwanamke amerudishwa kwao kwa sababu ya kidonda ambacho hakuna daktari anayeweza kukitajia tarehe.

Wengine wakisikia hepesi wanasikia ukimwi. Ni virusi tofauti kabisa. Ila aina ya pili huongeza hatari ya kupata VVU takribani mara tatu, na vidonge vya hepesi havikukingi na VVU: kaskazini magharibi mwa Tanzania wanawake wa baa na nyumba za wageni walipewa asaikloviri, dawa ya hepesi, kila siku, na matokeo ya mwaka 2008 yakaonyesha VVU havikupungua.

Kwa wajawazito, wengi huamini mwenye hepesi lazima ataambukiza mtoto. Aliyekuwa nayo zamani ni nadra kumwambukiza, kwa kuwa kinga ya mwili wake humfikia mtoto tumboni. Hatari kubwa iko kwa anayeipata upya miezi ya mwisho ya ujauzito. Mwambie mkunga mapema, hata kama unaona haya. Uchungu ukikukuta una vidonda, upasuaji unaweza kumwokoa mtoto. Na ndugu aliyesafiri tangu alfajiri kuja kumwona mchanga, akiwa na kidonda mdomoni, anawe mikono ampakate tu. Kumbusu asubiri mpaka ngozi ipone kabisa.