Mwanga si mwangaza: kupiga RAW na kupiga JPEG

"Yaya, usiogope, niko napiga RAW, mwangaza nitautengeneza ku nyumba." Maneno haya, akiambiwa bibi harusi, nimeyasikia kwenye harusi tatu hapa Goma, na mara zote yametoka kwa vijana wenye jicho zuri la picha. Ndiyo maana naandika.

JPEG ni picha ambayo kamera imeshaipika: imechagua rangi, imeongeza ukali, imeibana na kutupa kilichobaki. RAW ni hesabu za sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, kabla ya mapishi hayo. Watu huandika RAW kwa herufi kubwa wakidhani ni kifupisho, lakini ni neno la kawaida la Kiingereza, maana yake "mbichi". Wafaransa husema "brut". Kifupisho cha kweli ni JPEG, jina la kamati ya wataalamu iliyoandaa kiwango hicho, kilichotoka mwaka 1992.

Tatizo lenyewe liko kwenye neno "mwangaza". Kiswahili kimetupa maneno mawili, na katika mazungumzo tunayachanganya. Mwanga ni kile kinachotoka kwenye jua au taa na kuingia kwenye lenzi. Mwangaza, kutoka kitenzi kuangaza, nauweka kwa hali ya picha yenyewe kung'aa au kufifia. Mwanga huamuliwa mara moja tu, kwa tundu la lenzi na muda wa shata. Mwangaza unaweza kuubadilisha hata mwakani. Programu zetu za Kifaransa za kutengeneza picha zimezidisha mkanganyiko, kwa sababu kile kitelezi cha kung'arisha picha wamekiandika "Exposition", yaani kuingiza mwanga kwenye kamera, kana kwamba ukikisukuma unairudia ile sekunde ya harusi na kuingiza mwanga mwingine. Huingizi chochote. Unakuza kilichokwisha kuingia, na chenga zake, zile punjepunje zinazochafua picha.

Kwa hiyo ubichi wa RAW hauondoi kazi ya kupima mwanga. Unabadilisha namna ya kupima. Kwenye JPEG, piga picha ikiwa karibu na utakavyoikabidhi, na uulinde weupe, kwa sababu nafasi ya kurekebisha ni ndogo: kila rangi ina ngazi 256 tu, kutoka giza hadi kung'aa kabisa. Kwenye RAW ya biti 14, yaani kila hesabu ina tarakimu 14 za 0 na 1, ngazi ni 16,384, na nusu yake, 8,192, ziko kwenye sehemu ya juu kabisa ya mwanga. Punguza mwanga nusu, umeacha hizo zote bila kuzitumia. Kibaya zaidi, mwanga ukiwa kidogo, chenga huonekana zaidi. Ndiyo maana mpiga RAW huruhusu mwanga mwingi kadiri inavyowezekana, picha ionekane nyeupe kupita kiasi kwenye kioo cha kamera, kisha hushusha mwangaza nyumbani. Grafu ya kamera inayoonyesha kiasi cha mwanga nayo huchorwa kutokana na JPEG, hivyo mara nyingi hulalamika mapema kwamba mwanga umezidi, wakati RAW bado ina nafasi kidogo.

Lakini ni kidogo, na hapo ndipo harusi zetu huharibika. Bibi harusi husimamishwa mbele ya ukuta wa mawe meusi ya volkano, kwa kuwa Goma mawe hayo yako kila mahali. Kipimo cha kamera kinaona weusi mtupu, kinataka kuufanya kijivu, kinaongeza mwanga. Ukuta unapendeza, kila tundu la jiwe linaonekana. Gauni linaungua. Nimefungua faili ya namna hiyo, ikiwa RAW kamili: maua ya uzi mweupe yaliyoshonwa kwenye mkono wa gauni hayapo, pamebaki bapa jeupe. Ukishusha kitelezi, bapa linakuwa la kijivu, maua hayarudi. Sensa ni kama bidoni ya maji pale ziwani: ikishajaa, kilichomwagika hakipimiki.

Kwa hiyo, mdogo wangu, endelea kupiga RAW, chaguo lako ni zuri. Ila badilisha ile sentensi kidogo. Mwambie bibi harusi kwamba mwangaza utautengeneza nyumbani, na mwanga unaupima sasa hivi, begani pake, kwenye kitambaa cheupe, kabla ya kuutazama ukuta.