Kuchemsha maji hakuondoi floraidi

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea maji ya kupima kwenye chupa ya soda, akaniambia kwa kujiamini, "Haya usiwe na wasiwasi, nimeyachemsha mara mbili." Napima maji huku chini ya Mlima Meru, na kauli hiyo naisikia karibu kila wiki.

Jamani, kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi si kijidudu. Ni madini yaliyoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano, na yakizidi huharibu meno na mifupa: haifi, haiungui, haipai na mvuke. Mchuzi ukizidi chumvi, nani huuchemsha zaidi ili chumvi ipungue? Tupige hesabu. Una sufuria ya lita 4, kila lita ina miligramu 3 za floraidi, jumla 12. Chemsha mpaka zibaki lita 3. Zile 12 bado zimo zote, kwa hiyo kila lita sasa ina 4. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Umemaliza kuni, na maji yamekuwa mabaya kuliko yalivyotoka bombani! Msinionyeshe na ule ukoko mweupe wa sufuria, eti "uchafu wote umebaki hapa." Hiyo ni chokaa. Chemsheni kwa ajili ya kuhara na homa ya matumbo, basi.

"Lakini ni maji ya chemchemi, meupe pe." Floraidi haina rangi. Na dawa ya klorini haiigusi.

"Nitachuja kwa mkaa wa jikoni." Mkaa wa mti hauikamati. Unaoikamata ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, iliyochomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeushughulikia kwa miaka mingi. Floraidi hung'ang'ania madini ya mfupa, ndiyo maana huingia kwenye meno na mifupa ya mtoto. Kichujio kinaitangulizia mfupa wa buchani, ikwamie huko. Ila mkaa huo huchoka kimyakimya, maji yakiendelea kutoka safi machoni, kwa hiyo yaleteni yapimwe.

Na meno yaliyogeuka kahawia kwa sababu ya floraidi, kuyasugua kwa limau au majivu? Jino liliharibika likiwa bado kwenye fizi. Mnakwangua jino bure.

Yule mama nilimuuliza maharage anayaivisha na nini. Magadi, bila shaka. Magadi nayo yanaweza kubeba floraidi nyingi, unaichuja kwenye maji, kisha unairudisha kwenye sufuria. Loweka maharage tangu usiku, yataiva. Na kwa watoto walio chini ya miaka 8, ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga, kingeni maji ya mvua, yana floraidi kidogo mno. Mvua ya kwanza iacheni ioshe bati, ya pili ndiyo mtegee pipa.