Je, wajua kwa nini "Haleluya" ya Handel haijachuja?

Zaidi ya miaka 280 imepita tangu George Frideric Handel, Mjerumani aliyehamia London, atunge oratorio yake (simulizi takatifu inayoimbwa na waimbaji, kwaya na ala bila kuigizwa) iitwayo Messiah, lakini hadi leo Krismasi na Pasaka zinapokaribia, kwaya nyingi za Afrika Mashariki huanza mazoezi ya "Haleluya" iliyomo ndani yake. Imedumuje?

Jibu kubwa limo katika utunzi wenyewe. Handel alikuwa ametunga opera za Kiitaliano kwa miaka mingi, hivyo alijua kumshika msikilizaji, ila humu mzigo mzito aliwapa wanakwaya. Kwenye maneno ya Ufunuo, "naye atamiliki hata milele na milele", besi (sauti nzito za kiume) huanza peke yao, sauti ya tenor (ya juu ya kiume) hufuata, kisha alto (ya chini ya kike), na mwisho soprano (ya juu ya kike), kila sauti ikiupokea wimbo uleule huku zilizotangulia zikiendelea na safari yao. Baadaye soprano hushikilia "Mfalme wa wafalme" kwa nota moja ndefu kila mara, wakipanda hatua kwa hatua, na wenzao wakiitikia "milele na milele". Karibu na mwisho sauti na ala zote hukatika ghafla, kabla ya Haleluya ya mwisho inayoimbwa taratibu. Kila mwanakwaya anakihofia kimya hicho, kwa kuwa anayekosea kuhesabu husikika peke yake.

Kazi yote ilitungwa kwa siku 24, kati ya Agosti na Septemba 1741. Ilipoimbwa mara ya kwanza mjini Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, mapato yalikwenda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, ambao 142 kati yao walifunguliwa. London iliipokea kwa ubaridi, kwani wengine waliona maneno matakatifu hayafai jukwaa la tamthilia. Kuanzia 1750, hata hivyo, iliimbwa huko kila mwaka kuchangia makao ya watoto waliotelekezwa, na Handel akayaachia makao hayo nakala ya muziki wake katika wosia. Naamini sadaka hizo ziliipa mizizi ambayo sifa peke yake isingeipa.

Karne ya 19 ikaleta nakala za bei nafuu pamoja na nota za sol-fa, zilizoenezwa na mchungaji John Curwen wa Uingereza na kufikishwa Afrika na wamisionari. Ndiyo maana mwanakwaya ambaye hajawahi kusoma nota za mistari mitano anaweza kumwimba Handel barabara kwa kufuata herufi d, r, m zilizoandikwa kwenye karatasi moja ya kurudufiwa.