Kredi Iliyokatwa kwa Huduma Usiyoiomba: Idhini Iko Wapi?

Watu wengi wanaonijia hapa Kisumu kuhusu kredi inayopotea huanza kwa kuuliza ni nani aliyeingia ndani ya simu yao. Swali hilo lina haki yake, lakini mara nyingi huwapeleka kando, kwa sababu makato ya jumbe za kulipia hayahitaji mtu yeyote aingie ndani ya simu. Yanahitaji mstari mmoja tu katika hifadhidata ya kampuni, unaosema kwamba nambari fulani ilikubali huduma fulani, siku fulani, saa fulani. Mstari huo ukishaandikwa, mtambo hauulizi tena. Nilifanya kazi kwa miaka kadhaa upande wa ndani wa biashara hii, nikiunganisha kompyuta za watoa maudhui na mitambo ya kampuni za simu, na siku hizi nashauri vyama vya ushirika na wafanyabiashara wa eneo hili. Ninachotaka kueleza ni jinsi mstari huo unavyoandikwa, na kwa nini kila lalamiko halina budi kuuelekea.

Katika shughuli hii kuna pande tatu, si mbili kama wateja wanavyodhani. Yuko mwenye mtandao, ambaye ndiye anayekata pesa. Yuko mtoa maudhui, anayepaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambaye ndiye anayetuma methali za asubuhi, matokeo ya kandanda, sala au ushauri wa mapenzi. Baina yao mara nyingi yuko wakala anayemiliki nambari fupi, ile yenye tarakimu tano, na kuikodisha kwa watoa maudhui kadhaa kwa wakati mmoja. Kinachokatwa hugawanywa miongoni mwao, na kila mmoja hupata fungu lake iwe mteja aliomba au hakuomba. Ukilifahamu hilo, hutashangaa unapopiga simu kwa huduma kwa wateja ukaelekezwa kwa mtoa maudhui, naye akakurudisha kwa mwenye mtandao.

Huduma zenyewe ni za aina mbili. Katika aina ya kwanza mteja hutozwa anapotuma ujumbe, mara moja tu, kwa jambo moja. Wazazi wengi wanaijua kutokana na matokeo ya mitihani ya taifa: ulituma nambari ya mtahiniwa kwa nambari fupi, ukatozwa, ukapata alama, na shughuli ikaisha. Aina hiyo sina ugomvi nayo. Aina ya pili ni ya usajili, na hapo mteja hutozwa anapopokea. Ujumbe ukifika kwenye laini yako umelipiwa, uwe umeusoma, umeufuta, au ulikuwa umelala. Wako watu ambao kwa miezi wamekuwa wakifuta jumbe hizo kila asubuhi wakiamini kwamba wanazikataa, ilhali kwa mtambo kufuta hakuna maana yoyote.

Mtambo nao una subira. Salio lisipotosha, mitambo mingi hujaribu tena baadaye, na tena, mpaka laini ipate pesa. Ndiyo maana muuza mboga wa soko la Kibuye hujaza kredi ya shilingi 20 na kukuta shilingi 10 zimekwenda kabla hajampigia mtu yeyote, akadhani kadi ilikuwa na hitilafu. Kiasi kidogo namna hiyo hakimtoi mtu kazini kwenda kupanga foleni dukani kwa kampuni ya simu, na biashara hii imejengwa juu ya hesabu hiyo. Shilingi 10 kwa siku ni shilingi 300 kwa mwezi, na kwa mwaka zinapita 3,600. Hizo ni pesa za kununua simu ndogo mpya, na hakuna siku hata moja ambayo mwenyewe angesema ameibiwa.

Sasa idhini inaingiaje? Njia ya zamani ni shindano la redio au tangazo la bahati nasibu, ambapo neno moja unalotuma ili kujibu swali hufungua usajili wa kila siku, na masharti yake husomwa kwa kasi ambayo hata mwendesha boda boda wa Kondele hawezi kuifikia. Njia hiyo inaeleweka, na angalau mteja anakumbuka kwamba alituma kitu.

Iliyo ngumu zaidi ni ya kwenye intaneti. Unapovinjari kwa bando, mwenye mtandao anaijua nambari yako, na mtambo wake unaweza kuipitisha kwa ukurasa wa mtoa huduma bila wewe kuiandika popote. Ukibonyeza kitufe kinachosema “endelea” au “tazama video”, kubonyeza huko kunaweza kuandikwa kuwa ni kukubali. Ukiwa kwenye Wi-Fi mambo ni tofauti: ukurasa haukujui, kwa hiyo hulazimika kukuomba nambari na kisha tarakimu za siri zilizotumwa kwa ujumbe. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya watoto waliopewa simu yenye bando ili watulie wawe chanzo cha usajili mwingi ninaoukuta. Mtoto wa miaka minne anajua kubonyeza kitufe cha kijani, na rekodi haiandiki umri wa kidole.

Kisha kuna programu haribifu, ambazo wateja huzishuku kupita kiasi ingawa zipo kweli. Mwezi wa Januari 2020 Google ilieleza kwamba tangu mwaka 2017 ilikuwa imeondoa kwenye duka lake takribani programu 1,700 za familia moja, inayojulikana kama Joker, zilizokuwa zikiwasajili wenye simu katika huduma za kulipia kwa siri. Mwaka huohuo kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kwamba simu za bei nafuu aina ya Tecno W2, zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zilikutwa zikiwa na programu haribifu za Triada na xHelper tangu zilipotoka kwenye boksi. Transsion, wenye chapa hiyo, walisema lawama ni ya mgavi mmoja katika mnyororo wao. Tangu toleo la 4.2 la mwaka 2012, Android humwonya mwenye simu programu inapojaribu kutuma ujumbe kwa nambari fupi inayoweza kuwa ya kulipia. Hata hivyo, onyo hilo halisaidii usajili unapopitia kwenye ukurasa wa intaneti, kwa kuwa hapo hakuna ujumbe unaotumwa na simu.

Njia ya mwisho haimhusu mteja hata kidogo. Laini ikikaa bila kutumika, kampuni huitwaa na baadaye humuuzia mtu mwingine nambari ileile. Usajili wa mwenye laini wa kwanza usipofutwa sawasawa, wa pili huurithi pamoja na nambari. Suala hili nilikutana nalo kwa chama kimoja cha wenye matatu cha hapa mjini, ambacho kilinunua laini mpya za kutia kwenye vifaa vya kufuatilia magari. Baadhi ya vifaa vilikuwa vikizimika kimyakimya katikati ya mwezi, na fundi akabadilisha antena na nyaya bila mafanikio. Laini zilikuwa zinakatwa kredi na jumbe ambazo hakuna binadamu aliyeziona, kwa sababu kifaa hakina kioo cha kusomea, wala hakiwezi kujibu STOP, neno la kujiondoa kwenye usajili. Ilibidi kuzitoa, kuzitia kwenye simu ya kawaida na kusoma kilichokuwa kimerundikana.

Wako wanaosema kwamba haya ni matatizo ya nchi ambazo wasimamizi wake ni dhaifu. Lakini hata nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishtaki kampuni ya simu ya T-Mobile mwezi wa Julai 2014 kwa sababu wateja walikuwa wakitozwa mara nyingi dola 9.99 kwa mwezi kwa utabiri wa nyota, vidokezo vya kutongoza na porojo za watu mashuhuri ambavyo hawakuviomba. Tume ilidai kwamba kampuni ilikuwa ikibakiza hadi asilimia 35 au 40 ya makato hayo, na kwamba kwenye ankara yalifichwa chini ya majina ambayo msomaji asingeyatambua. Mwezi wa Desemba mwaka huo kampuni ilikubali kulipa angalau dola milioni 90; AT&T, kampuni nyingine ya simu, ilikuwa imekubali milioni 105 mwezi wa Oktoba. Kinachonivutia katika kesi hizo si ukubwa wa fidia. Ni kwamba swali halikuwa iwapo simu za wateja zilivamiwa, bali iwapo kampuni zilikuwa na uthibitisho wa idhini kabla ya kukata.

Sheria za Kenya zinaliuliza swali hilohilo. Kanuni za ulinzi wa watumiaji wa huduma za mawasiliano za mwaka 2010 zinampa mteja haki ya kutozwa kwa huduma alizojiandikisha tu, pamoja na haki ya kupata ankara sahihi inayoeleweka. Katiba, katika kifungu cha 46, inalinda masilahi ya kiuchumi ya mtumiaji na kumpa haki ya fidia. Hata hivyo, silaha ambayo naona haitumiki vya kutosha ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo katika kifungu cha 32 inaweka mzigo wa kuthibitisha idhini juu ya anayetumia data, si juu ya mwenye data. Najua mwanasheria makini atasema kwamba kifungu hicho kinahusu matumizi ya data, si makato yenyewe. Ni kweli. Lakini nambari ya simu ni data ya mtu, na hakuna mtoa maudhui anayeweza kukutumia ujumbe wa kulipia bila kuitumia nambari hiyo.

Kwa maoni yangu idhini ya kubonyeza mara moja haitoshi kwa huduma inayojirudia. Usajili ungepaswa kuthibitishwa kwa ujumbe wa pili unaotaja bei na mara ngapi utatozwa, na mteja asipoujibu, usajili usiwepo. Nigeria walichukua njia nyingine: tangu Julai 2016, kwa agizo la tume yao ya mawasiliano, mteja anaweza kutuma neno STOP kwa nambari 2442 ili kuzuia jumbe zisizoombwa. Ni hatua njema, ingawa bado inamtaka mteja ndiye ajitetee.

Kuhusu kujiondoa, kwanza tenganisha ujumbe wa tangazo na ujumbe wa kulipia. Tangazo huja kwa jina la duka au kampuni badala ya nambari, na huwezi kulijibu. Ndiyo maana mwishoni mwa jumbe nyingi za aina hiyo kwenye mtandao wa Safaricom utaona *456*9*5#, msimbo wa kuyakataa matangazo. Tangazo ni usumbufu, lakini kulipokea hakukukati pesa. Huduma ya kulipia huwa na nambari fupi yake, na huko ndiko unakotuma STOP. Nambari hiyo ikiwa imekodishwa kwa huduma kadhaa, STOP peke yake inaweza isitoshe, na itabidi uongeze neno la huduma kama lilivyoandikwa kwenye ujumbe wenyewe. Usijibu chochote kwa nambari ya kawaida ya tarakimu kumi inayodai kwamba umesajiliwa. Huyo anatafuta kujua kama laini yako ina mtu.

Wenye laini za malipo ya mwisho wa mwezi wana ugumu mwingine, kwa kuwa ankara huweza kuyajumlisha makato haya katika fungu moja lisilo na maelezo. Omba mchanganuo wa kila kipengee, na kama laini ni za kazi, omba kwa maandishi huduma zote za kulipia zifungwe tangu mwanzo, hasa kwa laini zinazokaa ndani ya mashine.

Kabla ya kutuma STOP, hifadhi picha ya ujumbe, kwa sababu STOP husimamisha makato ya kesho na haisemi lolote kuhusu ya jana. Lalamiko lianzie kwa mwenye mtandao, kwa maandishi, likitaja nambari fupi, tarehe na kiasi kilichokatwa. “Kredi yangu inapotea” hujibiwa kwa ushauri wa kuzima data. Nambari fupi na tarehe humlazimu mhudumu kufungua rekodi. Jibu la kawaida litakuwa kwamba mteja alijisajili mwenyewe, na hapo ndipo wengi hukata simu wakati mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza. Uliza ulijisajili kwa njia gani, ujumbe au ukurasa wa intaneti. Uliza saa na dakika, jina la mtoa maudhui, na kama laini hiyo ilikuwa tayari imeuzwa kwako siku hiyo. Wasipoweza kuuonyesha huo mstari, peleka lalamiko lako pamoja na jibu lao kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ina ofisi hapa Kisumu, na ueleze kwamba unadai marejesho ya kila kilichokatwa tangu tarehe ya usajili huo, si ya mwezi uliopita pekee.