Hakuna chupa ya "rangi ya ngozi"

Swali kuhusu sanamu zangu za silikoni, ule mpira laini unaomiminwa ukaganda, limerudi tena: "Ngozi hii umeipaka rangi gani?" Sijaipaka. Sawa, nimeipaka, ila mwishoni na kidogo tu. Ukiifuta rangi hiyo yote bado utaona ngozi. Unachokiona kimo ndani ya silikoni. Anayeanza kwa kutafuta chupa iliyoandikwa "rangi ya ngozi" atatoa mwanasesere, hata akiwa mfinyanzi hodari namna gani.

Ngozi ina kina. Mwanga unaingia, unatangatanga humo, kisha unatoka ukiwa umebeba wekundu wa damu na hudhurungi ya melanini, rangi asilia ya ngozi. Melanini inakaa kwenye ngozi ya nje, ambayo sehemu kubwa ya mwili ina unene wa takriban milimita 0.1 tu. Damu iko chini yake. Silikoni nayo ifuate mpangilio huohuo: tabaka jembamba linalopitisha mwanga linatangulia kwenye kalibu, maana ndilo litakalokuwa nje, nyuma yake wekundu na manjano, na mishipa katikati.

Sasa tuje kwenye chupa ya nyeupe, ambayo ningeweza kuipiga marufuku. Mtu akiona mchanganyiko umekolea, anatia nyeupe. Nyeupe hiyo ni dioksidi ya titani, na kazi yake ni kuziba mwanga. Ikizidi kidogo tu, sikio la milimita 3 linageuka kipande cha chaki. Ukitaka kupunguza ukali, ongeza silikoni tupu isiyo na rangi. Kisha zima taa, weka tochi nyuma ya sikio: likiwaka wekundu, endelea, likibaki giza, anza upya. Hakuna brashi itakayoliokoa.

Pacha wa kosa hilo ni ngozi nyeusi. Watu huchukua hudhurungi, wakaongeza nyeusi, wakakoroga ndoo nzima. Wanapata chokoleti. Seli zinazotengeneza melanini ni karibu idadi ileile kwa mtu mweusi na mweupe. Kinachotofautiana ni wingi na ukubwa wa punje zake na jinsi zinavyosambaa. Kwa hiyo matabaka ya chini hayabadiliki sana, ni lile la juu ndilo linalokolezwa, tena kwa madoa madoa, likipungua viganjani na kwenye nyayo. Kama sanamu yako inadai kuzungumzia utambulisho, angalia ndoo yako kwanza: ukiibadilisha yote, umeshasema watu wana nyama tofauti, hata kama maelezo ukutani yanasema kinyume.

Mishipa ya samawati chini ya ngozi nyeusi bado inanisumbua. Kwenye mwanga wa dirisha inakaa vizuri, ukiwasha taa za ukumbi inapotea au inaonekana kama michubuko. Vitabu vinatoa vipimo. Mimi hupima kwa macho, chini ya taa zilezile zitakazotumika, na bado hubadilisha mawazo.

Vipimo vingine kwa haraka. Silikoni ya platinamu, yaani inayogandishwa kwa platinamu, huja kwa sehemu mbili, A na B, mara nyingi nusu kwa nusu kwa uzito, lakini soma kopo lako. Rangi ya kukoroga humo isifike asilimia 0.5. Nyuzi fupi nyekundu na za samawati, chembe tu, zinavunja ule usawa wa plastiki. Unapovuta hewa kwa pampu ili kuondoa mapovu, mchanganyiko unafura mara tatu au nne, basi chombo kiwe kikubwa. Udongo wenye salfa au glavu za lateksi vikiugusa, hauivi: unabaki kunata, wiki hata mwezi.

Kwa viumbe nusu mtu nusu mnyama, imani nyingine mbovu ni kwamba manyoya ndiyo unyama. Binadamu ana vinyweleo vingi karibu sawa na sokwe. Vyetu hutoa nywele laini tu. Pundamilia, chini ya milia yake, ana ngozi nyeusi. Patricia Piccinini, msanii wa Australia, alilielewa hili kwenye sanamu yake "The Young Family" ya 2002, iliyoonyeshwa Venice mwaka 2003: mama mwenye umbo la nguruwe, ngozi karibu tupu, makunyanzi yetu, na nywele za binadamu. Kinachokukosesha raha pale ni kuitambua ngozi yako.

Mwelekeo wa nywele unasema zaidi ya wingi wake. Kwenye mguu wa mbele wa mbwa zinashuka kuelekea kucha. Kwenye mkono wa sokwe, na wetu pia, za juu ya kiwiko na za chini yake zote hukielekea. Charles Darwin aliliandika hilo mwaka 1871. Kwa hiyo mkono uliojaa manyoya yanayoelekea kiwiko bado ni wa jamaa yetu, na mkono wenye nywele chache zinazoshuka una kitu kisichokaa sawa, ingawa mtazamaji hajui ni nini. Zichome moja moja, kwa sindano iliyokatwa tundu ikabaki panda ndogo, na uilaze sindano. Nywele iliyosimama wima ni ya brashi ya viatu.

Zichome baada ya rangi ya juu, si kabla, maana rangi hugandisha nywele. Ndiyo, rangi mnayoiuliza: silikoni iliyozimuliwa kwa kiyeyushi, kwa sababu juu ya silikoni hakishiki kitu kingine, inarushwa kwa brashi ngumu kwa vidoa vya kijani, zambarau, nyekundu na hudhurungi. Vaa barakoa inayochuja mvuke wa kiyeyushi. Ukiona kidoa kimojakimoja ukiwa umbali wa mita moja, umezidisha.